Yangeyange kanifuata mpaka Uingereza

Juzi Jumamosi niko dirishani na chai yangu, nje ni Somerset, Januari, baridi ipo lakini theluji hakuna, mara naona yangeyange saba wanatembea nyuma ya ng'ombe kama vile wako Malindi. Nikacheka peke yangu. Jirani yangu, mzee wa Kiingereza, kasimama barabarani na darubini, furaha tele, ananiambia hawa zamani hawakuwepo, mara ya kwanza kuzaa Uingereza ni 2008, tena hapahapa Somerset. Kwetu huyo ni ndege wa kufukuzwa na watoto bana, nani amtolee darubini?

Na si hao tu. Yule yangeyange wa mdomo mweusi na nyayo za manjano alianza kuzaa huku Uingereza 1996, kisiwa cha Brownsea. Kuna na kindege cha kofia nyeusi, zamani kikitoka Ujerumani kikimbilia Hispania, sahii wengine wanamalizia baridi Uingereza, maana baridi yenyewe imelegea na pia wazungu wanawatundikia chakula bustanini (ndege wa huku wanakula kuliko mimi wallahi). Halafu batamaji weupe wa Siberia ndio wanapungua, wakifika Uholanzi ama Ujerumani wanaona hapa panatosha, hawavuki tena.

Kinachoniuma ni kwamba haya wanayajua kwa sababu wanaandika. Tangu 1979 kila mwisho wa Januari watu wanakaa saa moja wanahesabu ndege wa uani, siku hizi wazee kwa watoto. Sisi je? Vitwitwi wa Mida, lile hori la mikoko karibu na Watamu, wengine wanatoka Siberia hukohuko, wanakuja kujishibia kwenye matope yetu msimu wa kaskazi, na mvuvi mzee atakwambia mwaka gani walijaa mwaka gani walichelewa, lakini daftari ni kichwa chake, akizikwa limezikwa. A Rocha, lile shirika la kuhifadhi mazingira pale Watamu, wanahesabu, Mungu awape nguvu, ila pwani ni ndefu na wao ni wachache, na sisi wengine tunasema hayo mambo ya wazungu.

Nikampigia mamangu, akaniuliza, "Mwanangu, ulikwenda huko kutafuta riziki ama kuhesabu ndege?" Basi nikamgeukia mtoto wa dadangu, nikamwambia Jumapili maji yakipwa asimame pale kwenye daraja la mikoko anihesabie vitwitwi. Akajibu sawa mjomba, ila tuma bando kwanza.