Kabla ya Kununua Geji, Soma Namba Zake

Ulizia geji ya gari la zamani la michezo kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, jibu utakalopewa ni moja: "Bosi, geji ni geji, wewe lete gari tufunge." Utatolewa kitu kipya, uso mweusi, taa ya bluu, milimita 52. Na kwa kuwa tundu la dashibodi yako nalo ni la milimita 52, itaingia bila ugomvi. Lakini kuingia si kusoma. Geji ni nusu ya kifaa. Nusu ya pili iko kwenye injini, kwenye tenki au kwenye giaboksi, na nusu hizo mbili zisipoelewana umenunua pambo.

Nitazungumzia MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, maana ndiyo niliyoichokonoa sana. Geji zake zilitengenezwa na Smiths wa Uingereza, na Smiths walikuwa na tabia nzuri ya kuandika habari za geji usoni mwake, kwa maandishi madogo ambayo wanunuzi wengi hawahangaiki kuyasoma. Kwenye spidomita utakuta herufi SN na namba zake, halafu namba nyingine imekaa peke yake, kama 1000 au 1280. Hiyo ya pekee ndiyo ya kuishika. Ni mizunguko ambayo kebo inatakiwa izunguke gari likienda maili moja.

Gari linalotoa mizunguko 1000 ukilifungia spidomita ya 1280, mshale utakudanganya kwa kupunguza. Wewe unaona mwendo ulio sawa na kilomita 50 kwa saa, kumbe unakwenda 64. Askari mwenye tochi ya kupimia mwendo kwenye Barabara ya Bagamoyo hatakuuliza habari za kebo. Kinyume chake, spidomita ya 1000 kwenye gari la 1280 itakuonyesha unakimbia wakati bajaji zinakupita.

Namba ikiwa imefutika, au giaboksi na difu vimeshabadilishwa (na kwa magari ya umri huu hapa mjini, vingi vimeshabadilishwa), usibahatishe. Chomoa kebo nyuma ya spidomita, bandika kipande cha karatasi kwenye waya wa ndani, weka gia huru, kisha vijana wasukume gari mita 16.09 kwenye sakafu tambarare huku wewe unahesabu mizunguko. Hiyo ni sehemu moja ya mia ya maili. Zidisha kwa 100. Ukipata mizunguko karibu 12.8, tafuta spidomita ya 1280, na mtu asikuuzie nyingine kwa maneno matamu.

Geji ya RPM, yaani ya mizunguko ya injini kwa dakika, ina mitego yake. Za Smiths zenye herufi RVI zinahisi mkondo wa umeme unaokwenda kwenye koili, ile inayotengeneza cheche za plagi; zenye RVC zinasoma volti kutoka kwenye koili. Uso unaweza kufanana kabisa, lakini waya za nyuma ni habari mbili tofauti. Halafu kuna suala la betri: MGB za kabla ya mwishoni mwa 1967 zilitoka kiwandani chanya ndiyo imefungwa kwenye bodi. Fundi umeme aliyezoea Toyota akiunga RVI ya zamani kwa mazoea yake, haitasoma, na anaweza kuiunguza. Idadi ya silinda nayo ina maneno. Wenye Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973 na ambalo wazee wa hapa bado wanalitaja kwa kuhema, wakumbuke kwamba injini yake ni ya silinda sita. Geji ya RPM ya gari la silinda nne humo ndani itasema 1500 wakati injini inazunguka 1000.

Geji za mafuta na joto ndizo zinazowalia watu pesa bure. Washa swichi uutazame mshale. Ukipanda taratibu kama mtu mzima anayepanda ngazi, geji hiyo ni ya kupashwa moto kwa ndani, na inataka volti 10, si 12. Nyuma ya dashibodi kuna kikopo kidogo cha kudhibiti umeme kinachoshusha hadi hizo 10. Geji ya mafuta na ya joto zikianza kusema uongo kwa pamoja, kanunue hicho kikopo kwanza, geji ziache. Na kikague kama kimeshika bodi vizuri, maana hewa ya chumvi ya Msasani na Kigamboni inakula viungo kimyakimya.

Boya la kwenye tenki nalo lina lugha yake, nayo ni omu, kipimo cha ukinzani wa umeme. Ya Kimarekani mengi ni omu 240 tenki likiwa tupu na 33 likijaa. Ya kampuni ya VDO ni 10 tupu na 180 likijaa. Ukifunga boya la aina moja na geji ya aina nyingine, geji itakuambia tenki limejaa siku unayosukuma gari kituoni.

Ninachokubali ni hiki kimoja: kwa foleni na joto la Dar, geji ya kisasa ya joto iliyofichwa chini ya dashibodi, yenye sensa yake, si dhambi. Gari likichemsha Ubungo, uasilia hautakusaidia. Ila ile ya asili iache mahali pake. Kwenye MGB za mwanzo geji ya joto inafanya kazi kwa mrija mwembamba wenye etha, unaokwenda hadi kwenye injini. Usikubali fundi aukate "ili ipite vizuri," kwa sababu ukikatwa geji imekufa.

Uso uliochubuka mimi siuchapishi upya, na maili sizibadilishi kuwa kilomita; alama ndogo kwenye 30, ambayo ni kilomita 48, inatosha mjini. Mshale ukikwama, mpelekee fundi saa kabla ya fundi umeme, ana mkono mwepesi zaidi. Na geji iliyokufa usiiache gereji. Kioo chake, pete yake na mshale wake utavitafuta siku moja, na havipo Gerezani.