Siku 30 zaanza lini hasa?

Nna bi mkubwa mmoja wa Paje ana gesti ya vyumba sita, mie ndo nnomfanyia mahesabu yake. Mwaka juzi kaletewa barua ya kodi, juu imeandikwa tarehe 3, mlinzi wa usiku kaipokea tarehe 19 akaitia ndani ya daftari la wageni basi ikakaa humo, mwenyewe yuko Wete msibani, karudi tarehe 27. Mpaka inafika mkononi kwangu ina duara la kikombe cha chai katikati. Kupinga ni ndani ya siku 30. Tunakwenda ofisini tunaambiwa siku zahesabiwa toka tarehe iliyo kwenye barua, kwa hiyo zimebaki sita, na humo ndani mna Jumamosi na Jumapili.

Sasa wengi wakisikia haki ya kusikilizwa wanadhani ni ile siku ya kuitwa, upewe kiti useme lako. Mie naona haki unaweza kunyimwa hata barua hujaiona. Katiba yetu ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 12, inataka mtu apewe fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na hilo neno ukamilifu halikuwekwa pambo.

India walikuwa na kodi ya huduma toka 1994 hadi 2017, ikaja kumezwa na kodi yao mpya ya bidhaa na huduma. Kukata rufaa kwenye baraza lao, muda ulihesabiwa toka siku uliyopokea uamuzi. Basi. Ila na wao wana vituko vyao: sheria iliweka kikomo, upande mmoja usiahirishiwe zaidi ya mara tatu, maofisa wakawa wanamwandikia mtu barua moja ina tarehe tatu za kusikilizwa, hajatokea wanahesabu huyu kashaahirishiwa mara tatu, uamuzi unatoka! Mahakama Kuu ya Gujarat mwaka 2017 ikaukataa mchezo huo.

Sisi tulikimbizana tukawahi. Siku ya shauri, asubuhi ileile, tunakabidhiwa lundo la karatasi, ati ndo ushahidi. Bi mkubwa kuulizwa ana la kusema akajibu, "Mwanangu, hata miwani sijavaa." Watu wakacheka, mie sikucheka. Nikaomba muda, na mwenyekiti, namshukuru kwa hilo, akatupa wiki mbili. Usiku wa pili tu nikaiona: pesa za buking zimehesabiwa mgeni alipolipa, halafu zikahesabiwa tena zilipoingia benki. Mgeni mmoja, chumba kimoja, mauzo mawili. Bila zile wiki mbili angelilipa.

Najua wapo wanaopinga ili kuvuta muda tu, wengine nawajua kwa majina. Lakini hao dawa yao ipo, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka uweke kwanza theluthi ya kodi au kile usichokibishia, kilicho kikubwa, ndo pingamizi lipokewe. India, kwenye ile kodi ya huduma, toka 2014 rufaa ya mwanzo ilitaka uweke asilimia 7.5 ya kodi unayoibishia. Mtu kashaweka theluthi mezani unamkimbiza na tarehe za nini?

Mie sitaki makubwa, barua isainiwe na aliyeipokea, siku zianze hapo, na karatasi za upande wa pili zije japo wiki moja kabla. Pale gesti mlinzi kashapewa daftari lake la barua, kalamu imefungwa uzi isipotee. Juzi kaletewa bili ya umeme, kamsainisha aliyeileta mpaka saa na dakika.