Baba Mkwe, Kulungu na Ratiba ya Japani

Baba mkwe wangu alistaafu akiwa mkuu wa stesheni katika reli ya TAZARA, na watu wa kazi hiyo hustaafu mwili tu. Tulipomwandikia kwamba mjukuu wake amezaliwa Kobe, mji ninakosomea, na kwamba tungefurahi kama angekuja kumwona na kutembezwa kidogo, alikaa kimya kwa muda mrefu hata mke wangu akaanza kuhofu kwamba ameudhika. Kumbe alikuwa kazini. Bahasha iliyotufikia kutoka Mbeya ilikuwa na ratiba ya ziara nzima, iliyoandikwa kwa mkono na kunakiliwa kwa karatasi ya kaboni, ikionyesha kwa kila mahali saa ya kufika, muda wa kusimama na saa ya kuondoka.

Ilikuwa ratiba isiyo na huruma kwa mtu wala kwa mungu. Hekalu la Todai-ji mjini Nara, ambamo ameketi Buddha wa shaba mwenye kimo cha mita 15 hivi, lilipewa dakika 12. Mlima Fuji wenye mita 3,776 uliandikiwa maneno "kupita bila kusimama," kwa sababu Mzee alikwishagundua kwamba treni ya mwendo kasi, shinkansen, itokayo Tokyo huupitia upande wa kulia, na hakuona sababu ya kupoteza siku nzima kwa kitu kinachoonekana dirishani. Alipopita siku ya kuwasili, mlima ulikuwa umejifunika mawingu, jambo la kawaida kwake wakati wa kiangazi. Mzee alitoa kalamu nyekundu akaandika pembeni: "Haukuripoti."

Yote hayo ningeyavumilia. Mstari ulioninyima usingizi ulikuwa chini kabisa ya ukurasa wa siku ya Nara: "Arima, saa 12:40 jioni. Kuoga maji ya moto, dakika 25. Wahusika: mimi na mkwe."

Arima ni mji mdogo nyuma ya milima ya Rokko, wenye chemchemi za maji moto zinazosifiwa tangu kale, na maji yake mashuhuri ni ya rangi ya kutu kwa wingi wa chuma na chumvi. Mzee alikuwa amesoma kwamba yanafaa kwa magoti. Asichokisoma ni kwamba katika mabafu ya aina hiyo wanaume huoga pamoja upande mmoja na wanawake upande wa pili, wote wakiwa kama walivyozaliwa. Nguo ya kuogelea hairuhusiwi, na kitaulo kidogo ambacho mtu angeweza kujisitiri nacho hakitakiwi kugusa maji, ndiyo maana wengi hukikunja na kukiweka utosini. Nami ni mtu ambaye, tangu nilipooa, sijawahi kuegemea kiti mbele ya mzee huyu. Chai yake hunywa nimekaa ukingoni mwa kiti, magoti pamoja, kama mtuhumiwa anayesubiri dhamana.

"Mwambie wewe," alisema mke wangu, akijitahidi kutocheka ili asimwamshe mtoto. "Mimi nitamwambiaje baba yangu habari za uchi? Nyie wanaume mnaelewana."

Siku yenyewe tuliondoka Kobe alfajiri. Nilipanga kumweleza ndani ya treni, lakini kila nilipoanza, "Baba, kuhusu kule Arima," alinyanyua kidole kunizuia, akatazama saa yake, akasubiri milango ifunguke, kisha akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wajapani na treni zao walimkosha kabisa. Katika kituo cha Inari, ambapo watu hushuka kwenda kupita chini ya malango mekundu ya hekalu la Fushimi Inari, yaliyopangwa kwa maelfu hadi juu mlimani, Mzee aliyapa malango kisogo akasimama kuikagua reli.

"Mkwe."

"Naam, Baba."

"Futi tatu na inchi sita. Kama yetu."

Na ni kweli: reli nyingi za kawaida za Japani zina upana wa milimita 1,067, sawasawa na ule wa TAZARA. Akaitazama kwa muda uliozidi ule aliowapa miungu wa mlimani, na kwa mara ya kwanza tangu awasili tulichelewa kwa makusudi.

Nara tulifika saa sita kasoro. Katika bustani ya mji ule kuna kulungu zaidi ya 1,000 wanaotembea huru, wanaohesabiwa kuwa wajumbe wa miungu wa hekalu la Kasuga na ambao tangu mwaka 1957 wanalindwa na sheria kama urithi wa asili wa taifa. Wageni huwanunulia biskuti maalumu za pumba za mchele, na kulungu, wakiziona, huinamisha kichwa kuomba. Mzee alishika biskuti mkono wa kulia na ratiba mkono wa kushoto. Kulungu dume mmoja, mkubwa wa heshima zake, akamsogelea na kuinama. Mzee hakutarajia adabu ya kiasi kile kutoka kwa mnyama, basi naye akavua kofia akainama. Kulungu akainama tena. Mzee akainama tena.

Jike mmoja hakuwa na muda wa salamu. Alipita kwa nyuma, akaikamata ratiba kwa pembe ya chini na kuanza kuila kwa mpangilio, akipanda juu mstari kwa mstari. Nilijaribu kuinusuru, lakini ukweli ni kwamba biskuti zile hufungwa kwa utepe wa karatasi uliotengenezwa ili kulungu aweze kuula bila kudhurika, kwa hiyo kwa jike yule karatasi ilikuwa sehemu halali ya chakula. Kipande kilichosalia mkononi mwa Mzee kiliishia Inari. Todai-ji ilikwisha liwa. Arima, iliyokuwa mwisho wa ukurasa, ndiyo iliyotangulia kumezwa.

Sikuonyesha furaha. Nilitikisa kichwa kwa huzuni, nikasema ndiyo mambo ya safari, tungeweza tu kurudi nyumbani mapema tukapumzike. Mzee akavaa kofia yake taratibu, akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa nakala ya kaboni.

Saa 12:40 jioni, bila kupungua wala kuzidi, tulikuwa mbele ya bafu la umma la Arima. Karibu na mlango palikuwa na tangazo la michoro kwa ajili ya wageni. Mchoro wa kwanza ulionyesha mtu mwenye chupi, amepigwa mstari mwekundu. Wa pili ulionyesha watu kadhaa majini wakiwa hawana kitu, wakitabasamu. Mzee alisogeza miwani, akausoma ukuta mzima kuanzia kushoto hadi kulia, halafu akarudia. Mimi nilikuwa nachunguza dari.

"Mkwe," alisema hatimaye, "hii ni njia moja."

"Naam, Baba?"

"Reli ya njia moja. Kati ya stesheni mbili huingia treni moja tu, na dereva haondoki mpaka akabidhiwe kipande chake cha ruhusa mkononi." Akachukua ufunguo mmoja wa kabati, ule wenye mkanda wa mpira wa kuvaa mkononi, akauinua nikauona. "Hiki ndicho kipande. Mpaka nikukabidhi, wewe uko stesheni."

Nilikaa stesheni. Dakika 25 zikapita, zikaja nyingine, na mtu asiyewahi kuchelewesha treni alitoka akiwa amechelewa mno, uso unang'aa, magoti yakikunjika vizuri kuliko asubuhi. Akanikabidhi ufunguo kwa mikono miwili. "Njia iko wazi."

Nikaingia, nikaoga kwanza kwenye vigoda kama inavyotakiwa, nikazama shingoni katika maji yale mekundu karibu na mzee mmoja wa Kijapani mwenye kitaulo utosini. Ndipo niliposikia kikohozi ninachokifahamu nyuma ya mlango wa kioo.

"Mkwe! Usitoke! Miwani yangu iko juu ya rafu ya sabuni. Bila miwani sioni saa ya basi."

Sikuweza kutoka, naye hakuweza kuingia. Nilimwonyesha mzee wa Kijapani miwani na mlango, nikaunganisha viganja kuomba. Akaelewa mara moja. Alisimama, maji yakamchuruzika, akaichukua miwani kwa mikono miwili, akausogeza mlango na kuinama sana. Baba mkwe, akiwa na koti na tai, akavua kofia akainama vilevile. Mzee wa Kijapani akainama tena. Mvuke wote ukawa unatokea mlangoni, wenzetu majini wakaanza kulalamika kwa sauti ya chini, na nikamsikia Mzee akisema kwa Kiswahili fasaha, kana kwamba yuko Mbeya, "Asante sana, ndugu yangu, lakini funga mlango, tumeshachelewa kwa dakika arobaini."