Kinasa Sauti cha Bei Nafuu na Gharama Zisizoonekana

AudioMoth ni kinasa sauti cha kurekodi milio ya wanyama porini, kidogo kuliko kiganja, milimita 58 kwa 48, kinachotumia betri tatu za AA na kadi ya kumbukumbu kama ya simu. Kilibuniwa na watafiti wa vyuo vikuu vya Southampton na Oxford, Uingereza, na michoro yake iko wazi kwa yeyote anayetaka kukiunda. Bei yake ilianzia chini ya dola 100, wakati vinasa vya kampuni kubwa vya kazi hiyohiyo vilikuwa vikiuzwa kwa mamia ya dola. Kwa kuwa huchukua hadi sampuli (yaani vipimo vya sauti) 384,000 kwa sekunde, hata milio ya popo, ambayo sikio la binadamu haliipati, hunaswa.

Wanaokitetea wana hoja nzito. Vifaa vya porini huibwa, huloa, na tembo huving'oa. Mwenye kinasa kimoja cha bei mbaya atakifunga karibu na kambi, roho juu; mwenye ishirini atavitawanya hadi kwenye bonde ambako mnyama yuko kweli.

Shida huanza kadi zikirudi. Sampuli 48,000 kwa sekunde, za biti 16, hula takriban megabaiti 345 kwa saa. Hiyo ni zaidi ya gigabaiti 8 kwa siku, na kadi ya gigabaiti 32 hujaa kabla siku ya nne haijaisha. Vinasa 20 vikirekodi mfululizo huleta saa 480 za sauti kila siku, nyingi zikiwa upepo, mvua na ndege walewale. Programu ya kompyuta husaidia kuchambua, ila nayo lazima ifundishwe kwa milio iliyothibitishwa na mtu anayeijua. Mtu huyo halipwi kwa bei nafuu, na wafadhili (tuseme ukweli) hupenda zaidi kulipia kitu kinachopendeza kwenye picha.

Njia mojawapo ni kukiachia kifaa chenyewe kichague. Huko Belize, Amerika ya Kati, AudioMoth ziliwekewa programu ya kutambua milio ya bunduki, zirekodi pale tu zinaposhuku risasi. Kadi na betri hudumu zaidi, lakini mlio ambao programu imeupuuza umepotea moja kwa moja, hakuna pa kurudi kuuhakiki. Tena kifaa hakitumi taarifa popote. Risasi ya leo itajulikana kadi itakapotolewa mtini, na kufikia hapo nyama imeshauzwa. Kwa askari wa doria kinafaa kuonyesha sehemu na saa ambazo majangili hupendelea. Kumkamata mtu papo hapo hakiwezi.

Kwa utafiti wa miaka mingi nina wasiwasi mwingine. Unyevu hudhoofisha maikrofoni, na maikrofoni ikidhoofika, takwimu zitaonyesha wanyama wamepungua hata kama wapo wote. Ningepewa bajeti ya vinasa 20, ningenunua 10, pesa iliyobaki nimlipe msikilizaji anayeijua milio ya msitu huo, na kabla ya kila msimu ningevijaribu vyote kwa sauti moja ya kipimo.