Muulizeni Aliyeishi Naye

Kila nikimweleza mtu kwamba paka anayelala kwenye kiti changu si wangu, kwamba namlea kwa muda tu mpaka kikundi cha uokoaji kimpatie nyumba ya kudumu, jibu huwa ni lile lile: "Mimi siwezi kabisa. Nikishamzoea sitaweza kumtoa." Wanaosema hivyo wana huruma ya kweli. Lakini nimelea kwa miaka 6, paka 32 wamepita mikononi mwangu, na siku hizi jibu hilo silikubali tena. Kumzoea ndiyo kazi yenyewe.

Chakula, maji na sanduku la mchanga hata kituo chenye vizimba vilivyopangana ukutani kinaweza kutoa. Kinachokosekana pale ni mtu mmoja anayemjua paka mmoja: anaogopa nini, anapenda kushikwa wapi, anakula vipi akidhani hakuna anayemtazama. Mtu huyo asipokuwepo, anayekuja kutafuta paka hana cha kuchagua ila rangi ya manyoya.

Chukua mfano wa Majivu. Aliletwa kwangu na kadi iliyofungwa kwenye sanduku lake la kubebea, imeandikwa kwa wino mwekundu: MKALI. Alikuwa amempapura kila aliyeingiza mkono kizimbani, na hakuna familia iliyorudi kumtazama mara ya pili. Nilimweka kwenye chumba kidogo, nikamwachia boksi lililotobolewa tundu la kuingilia, nikarudisha mlango. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Paka aliyetoka kizimbani, siku ya tatu ndiyo kwanza anathubutu kunywa maji mchana.

Jioni nilikuwa nakaa sakafuni nimempa mgongo, nasoma kwa sauti ya chini chochote kilichokuwa mkononi. Nikigeuka, simkodolei macho, maana paka huona kukodolewa macho ni kuchokozwa. Nafumba macho polepole, nafumbua, natazama kando. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba ukimfumbia paka macho taratibu namna hiyo, naye hukufumbia yake, na huwa mwepesi zaidi kuusogelea mkono wa mgeni aliyemfanyia hivyo. Majivu alinijibu usiku wa tano. Siku ya tisa alitoka mwenyewe akanisugulia shavu la kushoto kwenye goti. La kushoto tu, na wakati ule sikulitia maanani.

Siku mbili baadaye nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo, naye hajui kama nipo. Aliokota punje moja ya chakula kikavu, akainamisha kichwa upande wa kushoto, akatafuna mara mbili, akaitema. Kisha akarudi nyuma hatua moja na kulifokea bakuli, masikio yamelala, kama vile bakuli ndilo lililomuuma. Akangoja. Akaokota punje nyingine, yakawa yale yale.

Daktari wa wanyama alimlaza kwa dawa ya usingizi, akamfungua kinywa. Meno 4 ya upande wa kulia yalikuwa yameharibika mpaka kwenye mizizi na ufizi umevimba. Yaling'olewa yote. Haikupita hata wiki 2, paka yule yule wa wino mwekundu akawa analala juu ya miguu yangu, na ukimkuna kidevuni anakoroma kwa raha mpaka mate yanamdondoka.

Siwalaumu walioandika ile kadi. Mhudumu mwenye vizimba vingi vya kusafisha asubuhi moja hawezi kusimama kutazama punje moja ikitemwa, na paka ni mnyama anayeficha maumivu kuliko wengi tunaoishi nao. Ninachosema ni kwamba ukali ule haukuwa tabia, yalikuwa maumivu, na ili hilo lionekane ilibidi mtu awe amemzoea Majivu kiasi cha kujali anavyotafuna. Hao wanaoogopa kuzoea ndio hasa ningetaka wawe walezi.

Wachanga nao wana elimu yao. Mwaka wa pili nilipewa wanne, macho ndiyo kwanza yamefumbuka, kwa hiyo tulikadiria wana wiki 2 hivi. Maziwa maalumu ya unga ya paka wachanga kila baada ya saa 3, usiku na mchana, maana maziwa ya ng'ombe huwaharisha, na kuharisha kwa kiumbe kidogo hivyo ni hatari. Unampasha joto kwanza kabla ya kumlisha, kwa sababu tumbo la aliyepoa halisagi kitu. Unamlaza kifudifudi, kamwe si chali kama mtoto wa binadamu, maziwa yasije yakaingia mapafuni. Ukimaliza unampangusa nyuma kwa kitambaa chenye uvuguvugu mpaka akojoe, kazi ambayo mama yake angeifanya kwa ulimi. Kisha mizani ya jikoni na daftari. Mtoto wa paka mwenye afya huongezeka kama gramu 10 au zaidi kwa siku, na mizani hukuambia kuna tatizo kabla macho yako hayajaliona.

Mdogo kuliko wote alisimama kwenye uzito ule ule siku moja, kesho yake akashuka. Nilimpeleka kwa daktari, akatundikiwa maji chini ya ngozi, tukarudi nyumbani. Alifariki alfajiri nikiwa nimemweka kifuani chini ya blauzi, na daftari lile ninalo mpaka leo. Wenzake watatu walipona.

Nikiwa hapo hapo, neno moja kwa wenye mioyo mizuri. Ukiwakuta watoto wa paka peke yao, usiwabebe hapo hapo. Kaa mbali, tazama kwa saa chache, labda mama ameenda kutafuta chakula. Wakiwa safi, matumbo yamejaa, wametulia, karibu ni hakika kwamba mama yupo. Baadhi ya hao tunaoletewa usiku wa manane hawakuhitaji kuokolewa, walihitaji kuachiwa mama yao, na chupa yangu haijawahi kushinda ziwa la mama. Kama wamepoa na wanalia bila kukoma, hapo ni jambo jingine, chukua upesi.

Kuhusu kuwafunga kizazi kabla hawajatolewa, sina mjadala mrefu. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, na anaibeba siku kama 63 hadi 65. Kikundi kinachokataa kutoa paka ambaye hajafanyiwa upasuaji huo kinafanya sawasawa, hata kama mchukuaji ananuna.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo bado linaniuma. Kuna dume mmoja, mweupe mwenye doa jeusi puani, aliyekuwa akikojoa nje ya sanduku kila kukiwa na kelele nyumbani. Nilimpenda sana. Miezi 3 ilipita bila mtu kumuulizia, na walipotokea watu nikaandika kwenye fomu kwamba hana tatizo lolote la choo. Nilijiambia akipata upendo ataacha. Alirudishwa baada ya siku 11. Aliporudi hakutaka kutoka kwenye sanduku la kubebea, na ilichukua wiki 5 kumrudisha pale alipokuwa kabla sijasema uongo ule. Wale watu walikuwa na nyumba yenye watoto watatu na piano. Mtu yeyote aliyeambiwa ukweli angeona kwamba haifai.

Tangu hapo kila paka anayeondoka kwangu huondoka na ukurasa mmoja nilioandika kwa mkono, nami huomba anayetaka kumchukua ausome kabla hajamwona. Naandika mabaya kwanza. Anauma akikunwa tumbo. Anaamsha watu alfajiri. Hapendi paka wenzake. Mwanzoni baadhi ya wenzangu kikundini waliona ninafukuza watu. Kweli, wapo wanaosoma wakaondoka, na mimi nashukuru wameondoka wakati ule, si siku ya 11. Yule dume mweupe hatimaye alichukuliwa na mwanamke anayeishi peke yake na anafanya kazi ya kushona. Aliusoma ukurasa wote, akauliza swali moja tu: "Masanduku mawili ya mchanga yatasaidia?" Yalisaidia.

Ndiyo maana sipendi utaratibu wa wa kwanza kuomba ndiye wa kwanza kupewa. Unaonekana wa haki kwa watu. Kwa paka ni bahati nasibu. Kikundi kiwaulize waombaji maswali yake, kiangalie makazi yao, lakini kabla ya kuamua kimuulize aliyeishi na paka huyo. Na mlezi akisema "hii siyo nyumba yake," neno lake liwe na uzito.

Mimi mwenyewe nimebaki na mmoja tu kati ya wote 32. Ni dume mzee, masikio yamechanika kwa ugomvi wa zamani, aliyepimwa akakutwa na virusi vya FIV. Watu wakisikia hivyo hurudi nyuma mlangoni. Virusi hivyo ni jamaa wa vile vinavyodhoofisha kinga ya binadamu lakini havimwambukizi binadamu, na kati ya paka huenea zaidi kwa kuumana kwa nguvu. Paka mwenye navyo anaweza kuishi miaka mingi akitunzwa ndani. Haya yote yaliandikwa kwenye ukurasa wake. Miezi 8, hakuna aliyemuulizia. Mwanzo nilitamani kubaki na kila mmoja, na kila mara nilijiuliza: je, kuna mtu mwingine duniani anayeweza kumfaa huyu? Jibu likiwa ndiyo, lazima aende, kwa sababu chumba kile kidogo ndicho kitanda cha atakayekuja baada yake. Kwa mzee huyu niliona jibu limeshapatikana, ni mimi. Anaishi sebuleni, wageni wanaishi chumbani, na mlango katikati huwa umefungwa.

Majivu aliondoka Jumamosi moja asubuhi, na bwana mmoja mtu mzima, mpole, aliyekuwa ameusoma ukurasa mara mbili na kuupiga picha. Niliweka kwenye sanduku kile kitambaa alichozoea kulalia ili akute harufu anayoijua. Nililia garini, nikaenda nyumbani, nikafua matandiko ya chumba, kwa sababu Jumatatu alikuwa anakuja mwingine.

Wiki ya sita nilipata ujumbe wenye picha. Majivu amejikunja ndani ya beseni la kunawia bafuni, mkia umening'inia nje, macho nusu yamefumba. Chini yake bwana yule ameandika: "Analala hapa kila mchana. Kwako pia alikuwa hivi?"

Kwangu hakuwahi kulala kwenye beseni hata siku moja. Nilimjibu hivyo hivyo, nikamwomba aendelee kuniandikia mengine atakayoyaona.