Steringi wetu, mwimbaji wao

Utotoni kwetu Manzese, Mchina alikuwa mtu wa kupigana. Ukilipa hela yako kibanda umiza, banda la kuonyeshea video, unabanana kwenye benchi, magoti yamegusa mgongo wa mwenzio, huku Lufufu, mtafsiri wetu wa sinema, akikutafsiria kwa Kiswahili cha mtaani maneno ambayo nina hakika hata waliotunga sinema hawakuyaandika. Bruce Lee akivua shati, kibanda kizima kinasimama. Sheria ilikuwa moja tu: steringi, yaani shujaa wa sinema, hafi. Ndiyo maana tulipoambiwa Bruce Lee alishakufa Hong Kong tangu 1973, akiwa na miaka 32, tukakataa. Jamaa mmoja aliapa kuwa kajificha.

Leo nina mwaka wa tisa Guangzhou, China, nafungasha mizigo ya watu kwenda Dar. Shunde, kwenye asili ya ukoo wa Bruce Lee, si mbali na hapa. Nilidhani nitamsikia kila kona. Wapi! Vijana ninaofanya nao kazi ghalani wanamheshimu kama sisi tunavyoiheshimu picha ya babu ukutani. Wao mioyo yao iko kwa waimbaji.

Wakitaka starehe wanakwenda KTV. Mnakodi chumba kwa saa, mnaletewa tikiti maji lililokatwakatwa na vikombe vya dadu, mlango unafungwa, mnaimba mpaka sauti zikauke. Wazee lazima wamwimbe Teresa Teng, binti wa Taiwan aliyefariki Thailand mwaka 1995. Nyimbo zake ziliwahi kupigwa marufuku China bara, watu wakazisikiliza kwa kuibia. Kwa kuwa jina la ukoo lake, Teng au Deng, ni moja na la Deng Xiaoping, kiongozi wa China enzi hizo, ukazuka utani: mchana msikilize Deng mkubwa, usiku msikilize Deng mdogo.

Kusema kweli, kibanda chetu nakiona kitamu zaidi. Unaingia na watu usiowajua, mnatoka mnarushiana mateke barabarani. KTV hata jirani wa chumba cha pili humwoni sura.

Ila kuna usiku mmoja nilinyamazishwa. Mwenzangu wa ghalani, mzaliwa wa hapa hapa, alichagua wimbo wa Beyond, kundi la roki la Hong Kong lililoanza 1983. Anaimba Kikantoni, mimi nakula tikiti langu. Mara kwenye skrini, katikati ya yale maandishi yao, zikatokea herufi ninazozisoma: AMANI. Halafu NAKUPENDA. Chumba kizima kikaitikia kwa Kiswahili! Tikiti likanikwama kooni.

Kumbe Beyond walifika Kenya mwaka 1991 wakatoka na wimbo huo, kiitikio chake lugha yetu. Mwaka mmoja kabla, kiongozi wao Wong Ka Kui alikuwa ameshatunga wimbo kwa ajili ya Mandela. Alikufa Tokyo Juni 1993, siku chache baada ya kuanguka jukwaani wakirekodi kipindi cha televisheni. Alikuwa na miaka 31. Huyu steringi alikufa kweli, na wenzangu wakimtaja sauti inashuka.

Niliona aibu kidogo. Wakati sisi tunajifunza teke lao, kuna waliojifunza neno letu, na hakuna aliyetuambia. Kwetu ilibidi tungoje mpaka 2011, TBC walipoonyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na wakwe zake kwa Kiswahili, ndipo mama yangu akaniambia kwa simu: "Kumbe na wao wana mama wakwe wakorofi!" Miaka yote ya kung fu haikumfikisha hapo.

Yule mwenzangu sasa kila Ijumaa ananiomba nimsahihishe. "Nakupenta," anasema. Nda, namwambia, nda, kama ndala. Juzi nilimrekodi akiimba nikamtuma kwenye kundi letu la familia la WhatsApp. Kaka yangu alikuwa wa kwanza kujibu: "Anaimba vizuri. Sasa anapigana lini?"