Usiniambie RAM Ngapi, Niambie Vipande Vingapi

Mpwa wangu aliniletea laptopu yake Desemba iliyopita, uso umemsawijika kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. "Mjomba, hii si ina RAM nane? Mbona gemu ya GTA inastaki hivi?"

Mashine yenyewe si mbaya. Ina prosesa ya Ryzen 5 3500U, haina kadi ya picha ya peke yake, ni ile mitumba ya Ulaya iliyofanya kazi ofisini miaka kadhaa kabla ya kushushwa huku. Aliyemuuzia alimwambia GB 8 za RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo mashine hutumia ikiwa kazini, zinatosha. Siwezi kumwita mwongo, maana alijibu alichoulizwa. Wanunuzi wenyewe ndio tumewazoesha hivyo: tukiingia duka la Kariakoo swali la kwanza ni "RAM ngapi?", kama tunapimiwa mchele. Hizo nane zimekaaje humo ndani, hatuulizi.

Nikafungua Task Manager, sehemu ya Memory. Kulikuwa kumeandikwa "Slots used: 1 of 2". Sloti mbili, moja ina kipande cha GB 8, nyingine iko wazi inakusanya vumbi. Halafu kati ya hizo 8, Windows ilikuwa na 5.9 tu za kutumia. Mbili zimetengwa kwa ajili ya picha, kwa sababu chipu ya picha iliyo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake. Inakula sahani moja na prosesa, na kwenye gemu huyo ndiye mlaji mkubwa kuliko wote.

Hesabu yake si ngumu. Chaneli moja ya RAM, yaani njia ya data kati yake na prosesa, inabeba baiti 8 kwa mkupuo. Kipande cha DDR4 (aina ya RAM) cha 2400 kinafanya mikupuo milioni 2,400 kwa sekunde, kwa hiyo kinapitisha GB 19.2 kila sekunde. Ukiweka vipande viwili, kila kimoja kwenye chaneli yake, zinapita GB 38.4. Aliyewahi kukaa kwenye foleni ya Kimara kwenda Kibaha kabla barabara haijapanuliwa hahitaji maelezo zaidi. Mzigo uko ghalani, tatizo ni njia.

Kwa wanaobisha kwamba nane ni nane, huwa nawapeleka kwenye kibanda cha PS cha mtaani. PS4 ilitoka mwaka 2013, nayo ina GB 8, na prosesa na chipu ya picha zinagawana hizo hizo. Ila kumbukumbu yake ni GDDR5, aina iliyotengenezwa kwa ajili ya picha, inayopitisha GB 176 kwa sekunde, zaidi ya mara tisa ya laptopu ya mpwa wangu. Chipu yake ya picha pia ina nguvu zaidi, sikatai. Lakini chipu yenye nguvu ukiilisha kwa kijiko cha chai itabaki na njaa. Kampuni ya Valve nao walilijua hilo walipotengeneza Steam Deck ya 2022, kompyuta ya gemu ya kushika mkononi: hawakuweka kadi ya picha ya pembeni, wakaweka GB 16 za LPDDR5 zenye kupitisha GB 88 kwa sekunde.

Basi, nilikuwa na vipande viwili vya GB 4 vilivyotoka kwenye laptopu yangu ya zamani iliyokufa kioo. Nikafungua mgongo wa mashine ya kijana, nikatoa kile cha 8, nikapachika hivi viwili. Hapo alikasirika kweli. "Mjomba, sasa umeniongezea au umenipunguzia?" Nikamwambia awashe gemu ile ile, mipangilio ile ile, mtaa ule ule wa Los Santos. Mwanzo tulikuwa tunapata kama fremu (picha) 27 kwa sekunde, sasa ikawa inacheza kwenye 39. GB ni zile zile 8, na hatujatoa hata shilingi.

Intel, watengenezaji wa prosesa, hata jina wanakunyang'anya. Chukua laptopu yenye Core i5-1135G7, ile inayotangazwa kuwa na chipu ya picha ya Iris Xe. Ikiwa na kipande kimoja tu cha RAM, Windows inakuandikia "Intel UHD Graphics". Jina la Iris Xe linatokea ukijaza chaneli zote mbili. Nimeona watu wakisaka draiva (programu ya kuendeshea chipu) usiku kucha kwa tatizo la kumalizwa na bisibisi.

Kama mashine yako ina kadi ya picha inayojitegemea, hata GTX 1650 tu, mambo ni tofauti. Kadi hiyo ina GB 4 zake na njia yake. Chaneli ya pili bado inasaidia, hasa kwenye gemu zinazoitegemea prosesa kama Counter-Strike 2, ila faida utaiona zaidi kwenye ile mikwamo midogo ya ghafla wakati moshi umetanda na watu wanne wanafyatua kwa pamoja. Usitegemee miujiza.

Na wale wanaowashawishi vijana wanunue RAM ya bei mbaya kwa sababu ya namba za CL, yaani mapigo ambayo RAM inasubiri kabla ya kujibu, mimi siko upande wao. DDR4 ya 3200 yenye CL16 inajibu kwa nanosekunde 10. Ya 3600 yenye CL18 nayo, ukipiga hesabu, ni nanosekunde 10. Rafiki yangu mmoja alinunua za 3200 kwa mbwembwe, akacheza miaka miwili zikikimbia 2133 kwa sababu hakuwahi kuingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) kuwasha XMP, inayoiruhusu RAM ikimbie kasi yake kamili. Tena vipande vyake viwili alivibana kwenye sloti mbili zilizokaribiana, zote za chaneli moja. Kwenye ubao mkuu wa kompyuta wenye sloti nne, kwa kawaida sloti sahihi ni ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Kitabu cha maelekezo cha ubao huo kilikuwa bado kwenye nailoni.

Sisemi ujazo hauna maana. EA Sports FC 24 inataka GB 8 kwa uchache na inapendekeza 12, sasa ukiwa na 4+4 na kivinjari umekiacha wazi, mashine itaanza kuhamishia mizigo kwenye diski na hapo chaneli mbili hazitakuokoa. Ndiyo maana mpwa wangu hakubaki na vile vya kwangu. Alijichanga, akanunua kipande cha pili cha 8, sasa ana 16 kwenye chaneli mbili. Angekosa hela ningemwambia aongeze hata cha 4 juu ya kile cha 8: mashine nyingi zitaunganisha 4 kwa 4, na 4 zinazobaki zitatembea peke yake. Si safi, ila inasogea.

Mwezi uliopita tulimsindikiza rafiki yake kununua laptopu. Muuzaji akaanza wimbo wake: SSD, i5, RAM nane.

"Vipande vingapi?" kijana akauliza.

"Nane, bosi."

"Nane nimesikia. Vipande vingapi?"

Muuzaji akamtazama, akanitazama na mimi, kisha akavuta droo akaanza kutafuta bisibisi.